Gumzo la ukoo: mitoki ya shingoni

*Mama Nasri:* Assalamu alaikum wana ukoo. Nasri katokwa na kijinundu shingoni, nyuma ya sikio. Nimekiona leo namkosha kichwa. Nikikigusa kinateleza chini ya vidole na mwenyewe analia. Naogopa.

*Ami Hamad:* Waalaikumu salaam. Mtoki huo. Mkande kwa chumvi ya moto. Usiponywea, yupo mzee hapa Konde huuchanja kwa wembe, damu mbaya ikatoka.

*Dada Rukia (nesi):* Ami shikamoo. Kwa heshima zote, wembe usimguse mtoto. Shingoni hapo mishipa ni mingi, na jeraha lenyewe huingiza vijidudu vyengine. Mama Nasri, kina ukubwa gani? Na kichwani ana nini?

*Mama Nasri:* Kama mbaazi. Kichwani ana mapunye tangu skuli zilipofunguliwa, na wiki hii yametunga usaha. Nampaka dawa ya mafuta.

*Dada Rukia (nesi):* Basi chanzo ndicho hicho. Si mnajua mtu akidungwa na mwiba mguuni, mtoki humtoka kinenani? Mtoki ni tezi ya mwili inayopigana na vijidudu, nayo huvimba karibu na pale maradhi yalipoingilia. Kidonda cha mkono, kwapani. Jino bovu, chini ya taya. Mafindofindo, pembeni mwa shingo. Kwa hiyo kinachotibiwa ni kile kilichouzusha mtoki. Na mapunye ya kichwa hayaponi kwa mafuta peke yake, kuvu imeshaingia ndani ya unywele. Anataka dawa ya kumeza, wiki kadhaa, na huo usaha pengine utahitaji antibayotiki. Mpeleke kesho. Tezi itanywea taratibu, usiibinyebinye.

*Khalati Biubwa:* Alhamdulillahi. Mungu amponye.

*Khamis:* Dada Rukia, na usiouma je? Mimi nnao pembeni mwa shingo tangu kabla ya Ramadhani. Ulikuwa mmoja, sasa ni mitatu imeshikana. Nimeuacha kwa sababu hauniumi.

*Dada Rukia (nesi):* Khamis mdogo wangu, wako unanitia wasiwasi kuliko wa Nasri. Jioni unapata homa? Usiku unatoka jasho? Umepungua?

*Khamis:* Jasho lipo, mpaka shuka inarowa. Nilidhani ni joto. Na suruali zote zinanivuka.

*Khalati Biubwa:* Yaa Rabbi! Mwanangu, mbona hukusema?

*Dada Rukia (nesi):* Tezi iliyokaa zaidi ya wiki 2 bila sababu, inayozidi kukua, iliyopita sentimita 2, ngumu isiyosogea, au iliyotokea juu ya mtulinga, lazima ichunguzwe hata kama haiumi. Kwa ulivyoeleza, cha kwanza kufikiriwa ni TB ya tezi. TB haikai mapafuni tu. Watakupima makohozi, watakupiga picha ya kifua, na daktari atachoma sindano nyembamba kwenye tezi apate cha kupima. Watakupima na virusi vya Ukimwi, usishtuke, ndio utaratibu. Saratani ya tezi hizi za mtoki nayo huanza hivi hivi, ndio maana hatubahatishi.

*Khamis:* Ikiwa ni TB, nihame chumba? Mke wangu ananyonyesha.

*Dada Rukia (nesi):* Ikiwa iko kwenye tezi tu na mapafu ni mazima, humwambukizi mtu kwa kukohoa. Makohozi yatatwambia. Dawa ni bure, kwa kawaida miezi 6, bila ya kuruka siku. Na tezi huweza kuvimba zaidi ukiwa kwenye dawa. Ikitokea hivyo usiache kumeza, rudi uonwe.

*Ami Hamad:* Khamis, kesho huendi baharini. Tukisha sali alfajiri nakuja na gari, twende hospitali ya Wete. Mama Nasri, jitayarishe na mtoto, tutakupitia.

*Mama Nasri:* Ahsante sana ami.

*Dada Rukia (nesi):* Khamis, usinunue antibayotiki dukani leo. Zipo zinazoificha TB ikapimwa isionekane. Na daktari mwambie yote, jasho, kupungua, lini ulianza. Usimwambie "ni mtoki tu".

*Khamis:* Sawa dada. Nitakupigia nikitoka kwa daktari.