Mjadala: Je, hitilafu ya tarehe ya 2038 itagusa vifaa vilivyopandikizwa mwilini?

Hoja: Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi hapa Mombasa, kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 (nafasi 32 za tarakimu 0 au 1) zitafika kikomo chake, 2,147,483,647, kisha zitarudi Desemba 1901. Pesimeka, yaani kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, inayowekwa leo huenda bado itakuwa kifuani siku hiyo. Je, hospitali za Pwani zilazimishwe kupima vifaa kuanzia sasa?

Fundi wa vifaa vya hospitali, Tudor:
Wagonjwa wasitiwe hofu bure. Pesimeka haiangalii kalenda ndipo iusukume moyo. Ikipangiwa mapigo 60 kwa dakika, husubiri milisekunde 1,000 tangu pigo la mwisho. Moyo ukipiga wenyewe, inaanza kuhesabu upya; usipopiga, inatuma umeme. Ndiyo maana mwaka 2000 uliingia na hofu kama hii ya tarehe, na pesimeka zikaendelea na kazi. Tarehe ni ya kumbukumbu tu.

Mwandishi wa programu, Nyali:
Bwana fundi, hiyo "tu" siikubali. Kaunta, yaani kihesabio cha ndani ya kifaa, hujaa hata kama haina tarehe. Windows 95, programu ya kuendeshea kompyuta, iliganda baada ya siku 49.7 kwa kuhesabu milisekunde kwa biti 32. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza umeme wa ndege za Boeing 787 uwe unazimwa na kuwashwa upya, kwa sababu kaunta ya jenereta ingejaa baada ya siku 248. Pesimeka huwezi kuizima uiwashe. Mtengenezaji aulizwe kwa maandishi: kaunta ina biti ngapi, na ikijaa, kifaa hufanya nini?

Muuguzi wa kliniki ya moyo, Likoni:
Ndugu zangu, mmeisahau mashine ya kliniki ya kusomea na kupangia pesimeka, iliyo mezani. Hiyo ni kompyuta kamili, na baadhi huingiza saa yake ndani ya kifaa. Kuna pesimeka zinazopunguza mapigo usiku, tuseme kutoka 60 hadi 50. Saa ikipotoka kwa saa kumi na mbili, mgonjwa anapunguziwa mchana akiwa anapanda ngazi za feri, na kizunguzungu kinamshika. Kabla ya kusoma kifaa, linganisheni saa na tarehe ya mashine na simu, mwaka pia. Na mgonjwa akisema hulala saa nne usiku, ingizeni 22:00.

Mfamasia, Changamwe:
Mimi naogopea zaidi pampu za dawa zinazopandikizwa mwilini. Pampu ya baklofeni (dawa ya kulegeza misuli) ya mililita 20, ikibakizwa 2 na kutoa 0.2 kwa siku, hudumu siku 90. Tarehe ya kujaza hupigiwa hesabu na mashine ya kliniki. Ikikosea, dawa inakatika ghafla: homa kali, misuli inakakamaa, mtu anaweza kufa. Pigeni hesabu hiyo kwa mkono na muiandike kwenye kadi.

Fundi, Tudor:
Dada muuguzi na mfamasia, hapo mko sawa: zipimwe mashine za mezani. Ila asitokee wa kushauri mtu afunguliwe kifua abadilishiwe kifaa kizima kwa sababu ya 2038. Upasuaji wa kubadilisha una hatari ya maambukizi, na hiyo ipo leo.

Mwandishi wa programu, Nyali:
Sijasema mtu apasuliwe. Nasema jibu la mtengenezaji lipatikane kabla ya kununua, liwekwe kwenye faili la mgonjwa pamoja na namba ya kifaa. Bila jibu hilo, kifaa kisinunuliwe.