Naomba ushauri, sauti ya binti yangu inakatika na onyesho ni wiki ijayo

Habari zenu wakuu, binti yangu ana miaka 14, anasoma uigizaji kila Jumamosi hapa Dar, sasa wanaandaa igizo la Vita vya Maji Maji na yeye kapewa nafasi ya Kinjikitile, yule mganga wa Ngarambe aliyenyongwa na Wajerumani 1905. Home anafanya mazoezi na kikombe cha maji mkononi mpaka wadogo zake wameshakariri, shida akifika pale pa kupaza "maji! maji!" sauti inakwaruza inakatika kabisa, na mwalimu anamwambia tu ongeza sauti, wa nyuma hawasikii. Inaniuma jamani, kaipenda sana. Nimpumzishe siku mbili tatu asiongee au kuna mazoezi ya pumzi? Na mwalimu nimwambieje asije akamnyang'anya nafasi?