Mnaotuuzia swichi za mtandao zenye usimbaji wa "AES-256", semeni ni AES-256 ipi!

Wakuu, nina hasira na siifichi. Nimekesha siku mbili kwa ajili ya swichi 14 mpya tulizofunga hospitalini, zilizokataa kusomwa na mfumo wetu wa ufuatiliaji, na waliotuuzia wimbo wao ni mmoja: kagua faiwoli.

Faiwoli haina kosa, na niliwatumia ushahidi. Nikiiuliza swichi kwa SNMPv3 (itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao) yenye SHA peke yake, yaani uthibitisho bila usimbaji, inajibu papo hapo: jina lake, imewaka siku ngapi, poti zote. Nikiongeza AES-128, inajibu. Nikiweka AES-256, mtumiaji yule yule, nenosiri lile lile, kimya. Kwenye tcpdump, programu ya kunasa pakiti za mtandao, naona swichi inataja kitambulisho cha injini yake ya SNMP vizuri tu, halafu ombi langu lililosimbwa linaingia poti 161 na halirudishi kitu. Zabbix, ndio mfumo wetu wa ufuatiliaji, inaandika taimauti. Mtu anayesoma hayo bado anasema faiwoli?

Shida ni hii. SHA-1 inatoa ufunguo wa baiti 20, AES-256 inataka 32. Hizo 12 zilizopungua lazima zitengenezwe, na njia za kuzitengeneza ziko mbili, hazielewani. RFC 3826, waraka wa kiwango wa mwaka 2004, iliweka AES-128 tu kwa SNMPv3, kwa hiyo kwa AES-256 kila mtengenezaji akashika njia yake. Zabbix imezitenganisha njia hizo mbili, kuna AES256 na AES256C. Saa nane usiku nikabadilisha hiyo herufi moja, swichi zote 14 zikajibu.

Herufi moja! Kijitabu chao kinasema "AES-256 inakubalika", basi.

Kilichoniuma zaidi ni yule wa huduma kwa wateja: "Kaka, rudi tu v2c, weka public, itakubali." v2c ni toleo la zamani la SNMP, na hiyo "public" ndiyo neno lake la siri linalojulikana na kila mtu; yote inapita kwenye waya bila kufichwa, neno la siri na kila kitu, yeyote aliyejichomeka anasoma. Huu ni mtandao unaobeba majibu ya maabara ya wagonjwa!

Na wakati tunazungushana, swichi ya jengo la maabara ilizima saa tatu usiku. Hakuna aliyejua mpaka muuguzi alipopiga simu kuuliza mbona majibu hayaji.

Tiketi yangu wameifunga kwa maneno "tatizo la upande wa mteja". Waifungue, waandike njia wanayotumia, na wakirekebishe hicho kijitabu kabla hawajamuuzia mwingine.