Kijiji ninachoishi Uingereza: viti 7 vya udiwani, kura iliyopigwa sifuri

Wakuu, heshima mbele. Nimetoka shifti ya usiku, sijalala, na sitalala mpaka niyatoe haya.

Naishi Suffolk, mashariki ya Uingereza, kijiji nakificha jina. Kanisa la mawe, baa moja, duka lilishafungwa. Kazi yangu ni kulea wazee mji wa jirani, na basi la alfajiri ni moja tu. Mwezi wa kumi nikakuta kibanda cha basi kimeng'olewa! Nikasimama mvuani kama mbuzi wa mnadani. Kuuliza, naambiwa baraza limeamua, kibanda kilikuwa kinaharibu mandhari ya kanisa.

Baraza lenyewe linaitwa baraza la parishi. Usifikirie parokia ya padri, ingawa huko ndiko lilikotoka. Zamani mambo ya kijiji yaliamuliwa kanisani, na wenye sauti walikuwa mchungaji na bwana mwenye ardhi. Bwana huyohuyo ndiye aliyenufaika Bunge lilipopitisha sheria moja baada ya nyingine za kuzungushia ua malisho ya wote, karne ya 18 na ya 19, mkulima mdogo akabaki kibarua. Mwaka 1894 ndipo ikaja sheria ya kuwapa wanakijiji baraza lao la kuchagua, na wanawake wakaruhusiwa kupiga kura na kugombea. Jirani yangu, bibi wa miaka 84, anasema babu yake aliisifia siku ile mpaka anakufa.

Sasa angekiona cha leo! Viti 7, muhula miaka 4. Uchaguzi uliopita walijitokeza watu 5. Sanduku la kura halikuletwa, wote wakapita bila kupingwa (ndiyo, msemo tunaoujua vizuri kwetu), kisha wakakaa wenyewe wakajaza viti 2 vilivyobaki. Mwaka huu diwani mmoja akahama. Sheria inataka tangazo libandikwe, na wapiga kura 10 wakiandika barua ndani ya siku 14 za kazi, uchaguzi mdogo unafanyika. Tangazo lilibandikwa. Wapi? Kwenye ubao wenye kioo nyuma ya ukumbi, njia ya kwenda kutupa taka. Hakuna aliyeandika, maana hakuna aliyeliona. Kiti kikaenda kwa shemeji wa mwenyekiti.

Na pesa? Baraza linapanga kiasi, halmashauri ya wilaya inakikusanya ndani ya kodi ya nyumba na haina mamlaka ya kukikataa. Wilaya yenyewe ikitaka kupandisha kodi kupita kiwango inalazimika kuwauliza wananchi kwa kura. Hawa wa parishi hawana ukomo huo. Kwa hiyo mimi ndiye niliyelipia fundi wa kung'oa kibanda changu.

Nilikwenda kikaoni. Sheria ya mwaka 1960 inakupa haki ya kuingia na kusikiliza, lakini kusema ni hisani yao. Nikapewa dakika 3. Nilipofika ya pili mwenyekiti akatazama saa, akaniuliza kwa upole ule wao unaouma kuliko tusi: "Na wewe unakaa hapa kwa muda gani hasa?" Miaka 6, bwana. Nimemwogesha shangazi yako. (Hili la mwisho sikulisema. Najuta.)

Kilichonichemsha zaidi ni sisi wenyewe. Niliwapigia Waswahili watatu wanaoishi vijiji vya huku, wote wakaniambia "sisi wageni, kura si yetu". Ni yetu! Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda, yeyote wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi hapa anajiandikisha na kupiga kura, na paspoti ya kwao inakubalika kama kitambulisho. Kugombea ndiko kunakodai ukaazi wa kudumu. Ndugu zangu wa Burundi na Kongo poleni, Madola haiwahusu. Tena kila mwaka vitabu vya hesabu vya baraza hufunguliwa siku 30 za kazi, na siku 10 za kwanza za kazi za Julai lazima ziwemo. Nenda, dai risiti. Mimi Julai hii naomba likizo kwa ajili hiyo tu.

Bibi jirani ndiye aliyenifungua macho jana, kikombe cha chai mkononi: wapiga kura 6 wa kijiji wanaweza kuitisha mkutano wa parishi wenyewe, bila kumwomba mwenyekiti. Humo kila aliye kwenye daftari ana kura moja, shemeji ana moja, mimi nina moja. Hoja yetu ni kibanda kirudi.

Sahihi ninazo 5: yangu, ya bibi, ya nesi wa Kighana wa nyumba ya kona, na za kijana wa ng'ombe na mkewe. Leo jioni nikiamka nagonga mlango wa mwenye baa.