Bondeni kunaota weupe kama chumvi, nipande majani gani?

Mlima_Mtama: Wakuu, habari za jioni. Nina ekari nane Magu, shamba la mteremko. Juu kulikuwa na ngitiri, ile hifadhi ya malisho yenye miti, ya marehemu mzee. Tulipogawana 2009 nikaifyeka, nikawa nalima mtama. Sasa huku chini kuna kiraka, mvua zikikatika kinaota weupe. Majani yamekufa, ng'ombe wanakuja kulamba. Nimemwaga samadi matoroli 20, wapi! Nipande nini hapo?

Chapakazi: Pole mkuu. Weka mabingobingo, hayo hayashindwi.

Bibi_Mbuzi: Mabingobingo kwenye chumvi? Utapoteza mbegu bure. Mwanangu, tumbukiza bonge kavu la udongo kwenye glasi ya maji ya mvua, usikoroge. Kesho yake yakiwa kama chai ya maziwa, hiyo ni ibambasi, udongo wa magadi. Yakibaki maangavu, ni chumvi ya kawaida.

Mlima_Mtama: Yamebaki maangavu mama, nimeona hadi chini ya glasi.

Mteremko: Basi ugonjwa uko juu ulikofyeka. Miti ya ngitiri ilikuwa inakunywa maji mwaka mzima. Mtama ukishavuna, nani anakunywa? Mvua inazama, maji ya chini yanapanda na chumvi yake. Yakikaribia mita mbili kutoka juu, jua linayavuta na chumvi inabaki. Australia Magharibi walifyeka misitu wakalima ngano, yakawakuta hayohayo. Mhandisi wa reli, W. E. Wood, aliyaandika tangu 1924. Siku hizi wakulima wengine kule wanapanda alfalfa, majani ya malisho, mizizi yake inapita mita mbili. Ila ipande JUU. Maji yakituama inaoza.

Chapakazi: Mimi nimenyamaza 😂

Bibi_Mbuzi: Alfalfa mbichi tupu inavimbisha ng'ombe tumbo, ichanganye na nyasi. Lusina, ule mti wa malisho, nayo ina mizizi mirefu. Kwenye kiraka zungushia miiba, usiguse na jembe, jaribu nyasi za Rhodes pembeni. Na udongo upeleke Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, wakupimie.

Mlima_Mtama: Nimechimba leo kando ya kiraka. Maji nimeyakuta kwenye urefu wa mpini wa jembe. Nimeonja, ni chumvi kweli.

Mteremko: Usionje tena bwana. Weka kijiti chenye alama humo shimoni, kila mwezi uangalie yanapanda au yanashuka. Na usitegemee msimu mmoja. Umefyeka tangu 2009.