Kuponi za Chessington mwezi wa nane: zipi zinafanya kazi kweli?

MamaWatatu_Barking
Wakuu habari za jioni. Nataka kupeleka familia Chessington World of Adventures, ile bustani ya michezo na wanyama kusini-magharibi mwa London, kabla shule hazijafunguliwa. Tuko watano: watu wazima wawili, watoto wa miaka 11, 7 na 2. Kila nikitafuta namba za punguzo mtandaoni naletewa tovuti zinazoandika "punguzo asilimia 50", nikiijaza namba kwenye ukurasa wa malipo inakataliwa. Wenye ujuzi, kuponi halali zinapatikana wapi, na je, naweza kutumia mbili kwa pamoja?

Fundi_wa_Bei
Achana na hizo tovuti kwanza. Zinalipwa kamisheni ukipitia kwao kwenda kununua, ndiyo maana kitufe cha "onyesha namba" kinakufungulia ukurasa wa Chessington hata kama namba yenyewe ni mfu. Kuponi nyingi za Merlin (kampuni inayoendesha Chessington na bustani nyingine za michezo: Thorpe Park, Alton Towers na Legoland Windsor) zina namba ya mtu mmoja, inayotumika mara moja. Namba ya aina hiyo ikibandikwa hadharani, wa kwanza kuijaza ndiye ameimaliza.

Zinakopatikana za kweli: kwenye maboksi ya nafaka za kifungua kinywa za Kellogg's yenye tangazo la mtu mzima kuingia bure. Si kila boksi, tafuta lenye tangazo usoni, na usome ubavuni tarehe ya mwisho kabla hujalitia kwenye kikapu. Mtu mzima mmoja anaingia bure kwa kila mtoto anayelipa.

Hapo ndipo watu wanapoliwa. Mtoto huyo anahesabiwa bei kamili ya getini, si bei ya kununua mapema mtandaoni. Piga hesabu, huyo wa miaka 2 tumwache kando kwanza. Tuseme getini ni pauni 66 na mtandaoni, siku tulivu, ni pauni 34. Kwa kuponi mbili unalipia watoto wawili: 132. Bila kuponi yoyote, tiketi nne za mtandaoni: 136. Umeokoa pauni 4, na hujatoa bado gharama ya maboksi mawili. Lakini bei ya mtandaoni inapanda kwa tarehe. Jumamosi ya mwezi wa nane ikifika pauni 45, tiketi nne ni 180, na kuponi ileile imekuokolea 48. Kwa hiyo kuponi ya boksi ni ya siku ghali. Ukiweza kwenda Jumanne au Jumatano, fungua kalenda ya bei kwanza.

Mbili kwa tiketi moja, hapana. Ila tiketi tofauti za familia moja zinaweza kutoka njia tofauti.

Kaka_Luton
Naongezea Clubcard, kadi ya pointi ya maduka ya Tesco, maana wengi wanaitumia kupunguza bei ya maziwa tu. Pointi 100 ni pauni 1, na vocha ikipelekwa kwa washirika wao wa burudani thamani yake inakuwa mara mbili. (Ilikuwa mara tatu hadi Juni 2023, kwa hiyo maelezo ya zamani yatakudanganya.) Tiketi ya pauni 34 basi inakula vocha za pauni 17. Vocha hudumu miaka miwili, ingia kwenye programu yao utazame zilizolala.

Fuata mpangilio huu: kwanza angalia kwenye tovuti ya Chessington kama tarehe yako bado ina nafasi, ndipo ubadilishe vocha, halafu urudi uweke siku kwa namba uliyopewa. Wanaobadilisha kwanza hujikuta na namba mkononi na siku imejaa.

Dada_wa_Care
Mama Watatu, kuna anayefanya kazi ya kulea wazee au NHS (huduma ya afya ya serikali) hapo nyumbani? Blue Light Card, kadi ya punguzo kwa wafanyakazi wa dharura na afya, inawahusu pia wafanyakazi wa huduma za jamii, si polisi na wauguzi pekee. Ni pauni 4.99 kwa miaka miwili, unathibitisha kazi kwa hati ya mshahara au kitambulisho cha kazini. Omba mapema, uhakiki haufanyiki papo hapo, na siku ya safari ubebe kadi.

Na huyo wa miaka 2 mpimeni. Kinachoangaliwa ni urefu: chini ya sentimita 90 anaingia bure, lakini bado mchukulie tiketi yake ya bure wakati wa kuweka siku. Akiwa na 91, analipa.

MamaWatatu_Barking
Asanteni sana. Mdogo ana 88. Kuna mtu Facebook anauza tiketi mbili za promosheni ya gazeti kwa pauni 20, vipi hizo?

Fundi_wa_Bei
Usizinunue. Tiketi za promosheni haziruhusiwi kuuzwa, nyingi zina tarehe moja isiyobadilishwa, na picha ya skrini ileile inaweza kuuzwa kwa watu watano. Atakayeskaniwa wa kwanza ndiye anaingia.

Pesa ya uhakika zaidi iko kwenye vitu vya pembeni. Maegesho yanalipiwa, na treni ya kutoka stesheni ya Waterloo, London, kwenda stesheni ya Chessington South inakushusha mwendo wa kama dakika 10 kwa miguu hadi getini. Ni Zone 6 (ukanda wa sita wa nauli za London), kadi ya benki au Oyster, ile kadi ya nauli, inatosha. Chakula chenu kinaruhusiwa, pikeni. Na kabla ya kulipa, tazama bei ya pasi ya mwaka ya Merlin ya daraja la chini kama mna nia ya kwenda mara mbili au tatu, ila soma orodha ya siku ilizozuiliwa: mwezi wa nane hubanwa sana.

Kaka_Luton
Kwa tarehe zake pasi ya chini huenda isimsaidie, kwa sababu ya hizo siku zilizozuiliwa. Mama Watatu, tupe tarehe mbili unazofikiria tukulinganishie.