Gumzo la kikundi: Ukoo wa Mzee Salimu (Kondoa, Dodoma, Dar)

Hadija: Assalaam alaykum wote. Mama amemaliza eda leo. Tumesoma dua na majirani hapa Nkuhungu, anawasalimu sana.

Mjomba Juma: Waalaykum salaam. Alhamdulillah. Miezi minne na siku kumi si mchezo. Pole na hongera, dada yangu.

Abdi (Dar): Mama mkubwa shikamoo. Hongera sana. Sasa tuangalie mbele 🙏

Shangazi Mwajuma: Mungu amrehemu kaka yetu. Amin.

Baba mdogo Hamisi: Nilisubiri eda iishe ndipo niseme. Shemeji asibaki peke yake Nkuhungu. Ahamie kwa Hadija Ihumwa, nyumba ipangishwe, maana tangu serikali ihamie Dodoma wapangaji hawakosekani. Na lile shamba la zabibu Hombolo kuna mtu analiulizia. Tumalize mambo mapema.

Abdi (Dar): Naunga mkono. Akikaa mle ndani kila kitu kitamkumbusha baba mkubwa.

Hadija: Mama anawasoma. Anaandika, msubirini.

Mama Hadija: Marahaba wanangu. Shemeji, nakushukuru, najua umesema kwa mapenzi. Ila sihami, na shamba haliuzwi. Si mwaka huu.

Niwaambie niliyoyaona humu ndani. Siku za mwanzo nyumba ilijaa watu, mpaka inafika arobaini sikupata hata nafasi ya kulia nikashiba. Kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, ndivyo ilivyo. Hapo ndipo msiba ulipoanza kwangu. Na kilichotangulia hakikuwa huzuni, kilikuwa hasira. Nilimkasirikia marehemu! Umeme umeisha usiku, namba ya mita ya LUKU siijui. Bili ya maji imekuja, sijui inalipwa vipi. Hayo yote alikuwa anayafanya yeye. Nikawa namgombeza peke yangu gizani, halafu naona haya, namwombea dua.

Mjukuu wangu alipokuja likizo ndiye aliyenifundisha. Siku niliyonunua umeme na kuingiza zile tarakimu 20 kwenye mita mwenyewe, taa ikawaka, nililia kuliko siku ya mazishi. Nilikuwa nimefurahi, na papo hapo nikaona kama kufurahi ni kumsahau. Imenichukua muda kuelewa kwamba simsahau. Mtu anaweza kuwa na furaha na uchungu kwa saa ileile moja, na hajakosea popote.

Shangazi Mwajuma: Wifi 😭 mbona hukuniambia?

Mama Hadija: Wifi, wewe ulikuwa unamlilia kaka yako.

Mjomba Juma: Dada, hilo la hasira nalijua. Mimi sikufiwa, nilistaafu tu. Watu wananipongeza, nami asubuhi naamka naoga navaa shati la kazini, sina pa kwenda. Namkaripia kila aliye karibu. Nikawa nashindwa kusema naumia, kwa sababu hakuna aliyekufa. Leo nimesoma maneno yako nimepumua.

Abdi (Dar): Niliwahi kusoma kwamba kuomboleza kuna hatua tano, hasira ni mojawapo, unapita moja unaingia nyingine mpaka unakubali. Pengine mama mkubwa bado yuko katikati.

Rehema (UDOM): Kaka Abdi, naomba niseme kidogo maana ndiyo tunayosoma hapa chuoni. Hatua hizo alizieleza daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na aliowasikiliza walikuwa wagonjwa wanaokabili kifo chao wenyewe. Baadaye watu wakawabebesha wafiwa kama ratiba. Watafiti wa Uholanzi, Stroebe na Schut, mwaka 1999 walieleza jambo jingine: mfiwa huenda na kurudi. Mara yuko kwenye uchungu, mara yuko kwenye kazi mpya za maisha, mara uchungu tena, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia kuzoea. Mama mkubwa kayasema hayohayo kwa mita ya umeme.

Abdi (Dar): Asante mdogo wangu. Basi tumtafutie mshauri wa kuzungumza naye?

Baba mdogo Hamisi: Hapana jamani. Mtaani watasema kaanza kwenda Mirembe.

Hadija: Na wakisema, baba mdogo? Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili. Watu wanaingia wakiwa wagonjwa, wanatibiwa, wanapata nafuu. Hapa Dodoma tumekua tukitukanana kwa jina hilo, ndiyo maana mtu anateseka ndani ya nyumba na hasemi. Mama akitaka kwenda popote nitamsindikiza mchana kweupe.

Mama Hadija: Kwa sasa sijaona haja. Nikiiona nitasema, na sitajificha.

Abdi mwanangu, umesema kila kitu kitanikumbusha. Nataka kinikumbushe. Kiti chake cha barazani nilikikwepa muda mrefu, juzi nimekikalia nikachambua mlenda mpaka nikamaliza. Nikihamia Ihumwa leo, nitakuwa nimekimbia kabla sijajua kama naweza.

Na mizabibu ilipogolewa nikiwa ndani, majirani wa Hombolo walifanya, Mungu awalipe. Zabibu yetu inavunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno yanayokuja nataka niwepo. Mwakani tukae tena, shemeji. Siku hiyo nikisema tuuze, nitakuwa nimeamua akili ikiwa imetulia.

Baba mdogo Hamisi: Nimekuelewa shemeji. Kaka aliniusia nikuangalie, na usiku silali nikifikiria uko peke yako mle ndani.

Mama Hadija: Basi kuniangalia ni kuja. Njoo Ijumaa baada ya swala, tule. Umlete na mke wako.

Baba mdogo Hamisi: Inshallah tutakuja.

Shangazi Mwajuma: Na Jumamosi mimi naenda naye Hombolo. Hadija, kuna gari?

Hadija: Lipo. Tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nafasi mbili bado.

Mjomba Juma: Moja yangu. Nakuja toka Kondoa Ijumaa.

Abdi (Dar): Nyingine yangu. Ijumaa jioni nipo kwenye treni, nani atanipokea stesheni?

Rehema (UDOM): Mimi. Ukifika Morogoro niandikie.